Mstari wa mwisho kwenye kikaratasi

Baba alipotolewa wodini nilikabidhiwa bahasha yenye karatasi nne: risiti, orodha ya dawa, barua ya kurudi nayo Tanga, na kikaratasi kilichochanwa kwenye pedi, kimejaa mwandiko wa daktari. Mstari wake wa mwisho ulisema dopla ya ateri, mguu wa kulia, 4/52. Dopla ni kipimo cha kutazama damu inavyopita mshipani, na ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Nikadhani 4/52 ni namba ya faili. Sisi tulikuwa tunawahi basi, wao walikuwa wanataka kitanda chao, basi sikuuliza. Nikakikunja, nikakitia kwenye pochi pamoja na tiketi, kikakaa humo miezi sita na zaidi.

4/52 maana yake ni wiki 4. Mwaka una wiki 52, namba ya juu ndiyo wiki zako. Ukiona 3/12 ni miezi mitatu, 5/7 ni siku tano. Ndivyo madaktari wanavyofupisha, na nesi aliyenieleza hakuamini kwamba sikujua. Ningejuaje? Mimi nauza vitenge.

Nianze nyuma kidogo. Baba ana miaka 68, kisukari anacho tangu akiwa na 52, na sigara alianza kuvuta kabla hajaoa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, mtu wa kusimama kutwa na kupanda ngazi za chuma. Alipostaafu akawa anatembea kutoka nyumbani Ngamiani hadi msikitini, si mbali, dakika nane hivi. Kisha tukaona amekuwa mtu wa watu. Anasimama kwa muuza kahawa, anasalimia. Anasimama kwa fundi baiskeli, anasalimia tena, anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Tukasema uzee umemtia uchangamfu. Kumbe mguu unambana kwenye nyama ya nyuma, akisimama dakika mbili maumivu yanakata, anaendelea. Salamu ilikuwa kisingizio. Alinikiri mwenyewe baadaye, tena kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemfumania.

Baada ya hapo yakaja maumivu ya usiku. Alikuwa analala mguu wa kulia ukining'inia nje ya kitanda, maana ukiushusha damu inateremka kidogo na maumivu yanapoa. Mama alimfunika mguu ule kila usiku akidhani umetoka kwa bahati mbaya. Mwisho kiatu kikamchubua kidole cha mwisho, na kidonda hakikufunga. Wiki tatu tulikipaka dawa za dukani. Kilipogeuka cheusi ndipo tukapanda basi kwenda Dar.

Huko walipiga picha za mishipa kwa dawa inayong'aa kwenye eksirei, wakakuta ateri kubwa ya paja imeziba kipande kirefu juu ya goti. Wakaingia kwa waya mwembamba kupitia kinena, wakapanua kwa puto, kisha wakaweka stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaobaki ndani kuushikilia mshipa. Kidole hakikuokoka, kilikatwa siku ya nne. Gharama yote, pamoja na kulala na dawa, ilifika milioni tisa na laki nne. Bima ilibeba sehemu ndogo. Tuliuza kiwanja cha Pongwe, na kaka yangu aliye Muscat akatuma iliyobaki.

Nikumbukavyo siku ile, hakuna aliyefikiria kurudi. Mguu uliokuwa baridi kama samaki wa barafu ulikuwa na joto. Baba aliutazama, akaukanda, akacheka. Daktari alisema, "Mzee, tumeuzibua." Nadhani neno hilo lilituponza. Kuzibua ni kazi ya sinki: unatoa uchafu, maji yanapita, fundi anakwenda zake. Ateri si hivyo. Puto linapopanua mshipa linaujeruhi ukuta wake kwa ndani, na ukuta unapopona huota nyama ya kovu. Kwa wengine nyama hiyo hukoma mapema, kwa wengine huendelea kuota hadi inabana njia upya, hata ndani ya stenti. Mara nyingi hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Tena mwanzoni haisikiki, hasa kwa mwenye kisukari ambaye neva za miguu zimekwishapungua hisia. Ndiyo maana kuna ratiba ya kupima mtu anayejiona mzima: kwa Baba ilikuwa ndani ya mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Hospitali hutofautiana kidogo kwenye ratiba, lakini kile cha mwezi wa kwanza wengi wanakitaka, kwa sababu ndicho kinachoonyesha mshipa ulivyoachwa na puto.

Hicho ndicho sisi hatukwenda.

Mwezi wa tano tangu Baba awekewe stenti, salamu zikarudi. Nilikuwa nyuma yake Ijumaa moja, nikaona amesimama kwa fundi baiskeli. Nikajua papo hapo, tumbo likanikata. Hakutaka kusikia habari za Dar, akakubali kliniki ya jirani tu. Pale walimpima presha ya mkono na presha ya kifundo cha mguu wakazigawanya. Hesabu yenyewe si ngumu: presha ya mguuni unaigawa kwa ya mkononi, na ikiwa sawa sawa unapata 1. Chini ya 0.9 ni dalili kwamba damu haifiki vizuri. Baba alipata 1.42. Kijana aliyempima akampongeza, akasema mishipa yake inashinda ya vijana. Tulirudi na bajaji tukicheka.

Kumbe 1.42 si sifa. Kisukari cha miaka mingi huweka chokaa kwenye kuta za ateri, zikawa ngumu kama bomba la zamani la plastiki. Unaujaza mkanda wa presha upepo lakini bomba halibanwi, basi mashine inasoma presha kubwa ambayo haipo. Kwa watu wa namna hii hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu kwa mkanda mdogo, maana mishipa ya vidoleni kwa kawaida haigandi chokaa kiasi hicho. Ukiwa na kisukari ukaambiwa namba yako imepita 1.4, usiondoke ukicheka kama sisi.

Wiki mbili mbele akasimama mara tatu kabla ya msikiti. Nikampeleka kituo kingine kupiga "dopla ya mguu". Ndivyo nilivyoomba dirishani na ndivyo nilivyoandikiwa. Nililipa elfu tisini. Kijana alimpima nusu saa, akambana paja hapa na pale, ripoti ikasema hakuna damu iliyoganda, mishipa inabanika vizuri. Tukashukuru Mungu. Nikaipiga picha nikamtumia kaka, kaka akaituma kwa wenzake.

Ilikaa kwenye simu yangu karibu mwezi mzima ndipo nikapata akili ya kumtumia nesi wa kliniki ya mishipa kule Dar. Alijibu kwa sauti, na ile sauti ninayo mpaka leo: "Dada, hii ni ya vena. Sisi tunataka ateri." Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, na watu wengi wanaotumwa dopla ya mguu hutumwa kutafuta damu iliyoganda humo. Mashine ni ileile, jeli ni ileile, chumba ni kilekile, lakini kinachotazamwa ni kingine. Kijana hakukosea, alifanya alichoandikiwa. Kosa lilikuwa langu dirishani. Nilimwambia nesi kuhusu kikaratasi, akaniomba nikipige picha, na hapo ndipo nilipofundishwa 4/52.

Tulipanda basi la alfajiri. Dar tulifikia kwa shangazi, Temeke, na asubuhi tukaenda. Hapa kuna jambo ambalo hakuna mtu aliyetuonya. Kipimo cha ateri za mguu kinaanzia kinenani. Mzee alikuja na suruali ya kitambaa na mkanda, akaambiwa avue. Mimi ni binti yake, siwezi kukaa pale. Mtaalamu naye alikuwa mwanamke, umri wangu. Baba akasema atarudi Tanga. Mwanangu wa kwanza, ana miaka 17, ndiye aliyetuokoa. Alimwambia, "Babu, nyumbani unaoga na kopo ukumbini, leo unaona haya?" Utani wa babu na mjukuu una kazi yake. Baba akacheka, mjukuu akaingia naye, mtaalamu akampa shuka na kufunua pale tu alipohitaji. Tangu siku hiyo anakwenda na msuli na kanzu, anaupandisha mwenyewe, habari imekwisha. Kipimo huchukua kati ya nusu saa na saa nzima, kwa hiyo mwenye kisukari afike na kitu cha kula mfukoni. Miguuni hakuna haja ya kufunga, ila wakitaka kuona na mishipa ya tumboni huomba usile, kwa sababu ya gesi, na hapo ni lazima uulize mapema utafanyaje na dawa zako za sukari.

Yaliyotokea ndani nayasimulia kwa maneno ya mjukuu, na mara zilizofuata niliruhusiwa kukaa nyuma ya pazia nikasikia mwenyewe. Kwanza jeli ya baridi. Kisha kioo kinaonyesha mshipa kama barabara ya udongo inayopita kati ya kijivu, na ndani yake damu imepakwa rangi, nyekundu na buluu. Tulidhani nyekundu ni damu safi na buluu ni chafu. Sivyo, rangi zinaonyesha damu inakuja kwenye kifaa au inakikimbia. Panapobana rangi huvurugika, njano na kijani vinaingia, kama kanga iliyochuja.

Halafu sauti. Ateri yenye afya ina mapigo matatu ya haraka, pwi-shu-shu, kwa sababu damu inaruka mbele, inarudi nyuma kidogo, inaenda mbele tena. Chini ya goti la Baba kulikuwa na pigo moja tu refu, fuuu, fuuu, kama mtu anayepuliza mkaa uliolowa.

Mtaalamu alimweleza mjukuu kwa mpira wa bustani. Maji yanatoka polepole, ukibana mdomo kwa kidole gumba yanaruka kwa kasi mpaka ng'ambo ya ukuta. Damu nayo ikifika pembamba hukimbia. Kwa hiyo wanapima kasi kabla ya pembamba, wanapima kasi penyewe, wanagawanya. Kabla ya stenti kasi ya Baba ilikuwa sentimita 80 kwa sekunde. Kwenye mdomo wa juu wa stenti ilikuwa 210. Gawanya, unapata 2.6. Ikifika 2 na kitu, huhesabiwa kwamba njia imepungua kama nusu. Ikikaribia 4, njia iliyobaki ni nyembamba sana.

Daktari aliisoma ripoti, akaiweka mezani, akauliza, "Kile cha mwezi wa kwanza kilisomaje?"

Nilitazama sakafu. Akasubiri. Nikasema hatukuja.

Hakunikaripia, na heri angenikaripia. Alieleza kwa utaratibu kwamba 210 peke yake haimwambii kitu cha kutosha. Pengine puto liliacha pembamba kidogo tangu mwanzo, na kwa miezi saba haijasogea, basi ni ya kuiangalia tu. Pengine mwanzoni ilikuwa 110 na inapanda, basi ni ya kuwahi. Kidonda cha kidole kimepona, hakuna kidonda kipya, kwa hiyo hawezi kumrudisha mezani mtu wa kisukari na kumtia dawa ya picha inayochosha figo kwa sababu ya namba moja. Inahitajika ya pili. Turudi baada ya wiki sita, na katikati Baba atembee kila siku: atembee mpaka mguu ubane, apumzike, atembee tena.

Kaka alipopigiwa simu alilipuka. "Kwani stenti ya milioni tisa haina garantii?" Nikamjibu vibaya, tukakaa siku nne hatusemeshani. Nilikuwa namkasirikia yeye kwa jambo nililolifanya mimi. Usiku nilikuwa nakitoa kile kikaratasi nakitazama.

Wiki sita zilikwisha, basi la alfajiri tena, shangazi tena. Tulipimwa mahali palepale, mashine ileile, mtaalamu yuleyule, na hilo niliambiwa ni muhimu kwa sababu mkono na pembe ya kushika kifaa vinaweza kubadilisha namba. Kasi ilikuwa 330. Ukiigawa kwa 80 ni zaidi ya 4. Sasa ilikuwa wazi kwamba inapanda, na presha ya kidole gumba ilikuwa imeshuka. Wiki hiyohiyo alirudishwa, wakapanua tena, safari hii kwa puto lililopakwa dawa ya kuzuia nyama isiote haraka. Milioni sita na nusu. Fedha zilitoka kwenye kundi la ukoo, elfu kumi kumi, elfu ishirini, na shangazi aliuza mbuzi wake wawili bila kutuambia.

Mjukuu ndiye aliyenunua daftari. Alilichora mistari kwa rula: tarehe, kabla ya stenti, juu, katikati, chini, hesabu ya kugawanya, presha ya kidole gumba, na safu ya mwisho, "salamu", yaani Babu amesimama mara ngapi kwenda msikitini. Mwezi wa kwanza baada ya puto la pili: kabla ya stenti 90, juu 118. Mwezi wa tatu: 88, 125. Mwezi wa sita: 91, 122. Salamu sifuri, sifuri, moja, na hiyo moja Baba anaapa kwamba alikuwa anasalimia kweli.

Ripoti huweza kuja na sentensi moja tu, "stenti iko wazi". Ni habari njema ila huwezi kuilinganisha na kitu. Sasa kabla ya kutoka chumbani tunaomba kwa adabu namba za kasi ziandikwe, za kabla na za ndani ya stenti. Hatujawahi kunyimwa. Dirishani nasema, "dopla ya ateri, kufuatilia stenti ya paja la kulia", na nasoma risiti kabla ya kulipa. Kipimo kwetu sasa ni laki moja na ishirini, nauli ya watu watatu kwenda na kurudi ni nyingine. Ukijumlisha vipimo vyote ambavyo tungepaswa kufanya mwaka ule wa kwanza, havifiki hata robo ya milioni sita na nusu. Sisemi kipimo kingezuia nyama kuota, hakizuii. Lakini tungeiona mapema, na Baba asingepoteza miezi akibanwa huku tunampongeza.

Kati ya safari na safari kazi ni ya nyumbani. Mama anamkagua nyayo kila jioni, kati ya vidole, kwa tochi ya simu. Alifundishwa kutafuta pigo juu ya unyayo na nyuma ya fundo la ndani, kwa ncha za vidole viwili, si kwa gumba, kwa sababu gumba lina pigo lake na unaweza kujisikia mwenyewe. Tuliambiwa pia jambo moja lisilosubiri tarehe: mguu ukiwa baridi ghafla, ukapauka, ukauma au ukafa ganzi, ni hospitali saa ileile, kwa sababu mguu usiopata damu huharibika ndani ya saa chache. Dawa za kuzuia damu isigande haziachwi bila daktari. Tuliwahi kukaa siku tisa bila klopidogreli, duka halikuwa nayo, na hatukumwambia mtu. Sasa ikibaki ya wiki mbili tunaanza kutafuta. Sigara ameacha, miezi kumi na moja. Naandika "ameacha" kwa sababu ndivyo anavyosema, ingawa vibiriti vya jikoni bado vinaisha haraka.

Mwezi uliopita tulikuwa huko tena. Mtaalamu aliongeza sauti ya mashine kidogo ili Mzee asikie mguu wake. Pwi-shu-shu, pwi-shu-shu. Baba alilala macho kafumba, kichwa kakiinamisha upande, kama alivyokuwa akisikiliza korona kabla ya kumwambia kijana azime.

"Beringi nzima hii," akasema. "Ila hapo chini inasugua kidogo."

Mtaalamu akacheka, akarudisha kifaa chini, akapima tena. Ilikuwa 122, haijasogea. Akamfuta jeli, akaandika kwenye kikaratasi, akampa. Nilinyoosha mkono nikichukue, Baba akakisogeza mbali nami, akakiweka karibu na macho.

"Sita juu ya kumi na mbili," akamwambia mjukuu. "Andika. Miezi sita."